Neno Lililokatwa Nusu

Liko jambo linenwalo kwa sauti kubwa sokoni, vibarazani na hata mimbarani, lakini wachache hulifikiri kwa utulivu. Ni habari ya wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake. Kila atajwapo mtu wa namna hiyo, husikika wengine wakisema, "Na afungwe! Na afukuzwe! Maandiko yamekwisha sema." Na mtu akithubutu kuuliza swali lolote, huambiwa kwamba amenunuliwa na Wazungu. Maneno hayo nataka kuyajibu leo, tena kwa maneno ya Kanisa lenyewe, si kwa maneno ya watu wa nje.

Nitangulize jambo moja, nisije nikadhaniwa vingine. Sikushika kalamu ili kubadili mafundisho juu ya ndoa. Kanisa letu lafundisha kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja mpaka kifo kiwatenge, nami siandiki kulibishia. Ninaloshindana nalo ni jingine: ni fundisho la kwamba Mkristo, kwa sababu ni Mkristo, yampasa amchukie mtu huyu, amchongee kwa polisi, amtoe kazini, amfukuze nyumbani, na kushangilia anapotiwa gerezani. Fundisho hilo nasema si la Kristo. Tena, kama tutakavyoona, si la Kanisa.

Wengi husema, "Maaskofu wetu walikwisha likata shauri hili Lambeth." Ni kweli walilikata, lakini wengi wasemao hivyo hawajapata kulisoma. Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima ulikutana Canterbury, Uingereza, mwaka 1998, ukapitisha Azimio 1.10 kwa kura 526. Kura 70 zilikataa, na maaskofu 45 hawakupiga upande wowote. Maneno yaliyo maarufu kuliko yote, yasemayo kwamba matendo ya watu wa jinsia moja hayapatani na Maandiko, yaliingizwa kwa ombi la Askofu Mkuu wa Tanzania wa siku zile, Donald Mtetemela. Basi mtu asiseme kwamba azimio hili ni la Wazungu. Mkono wa Mwafrika umo ndani yake, na mkono huo ni wa Mtanzania.

Lakini maneno hayo hayakusimama peke yake. Ni kipande cha sentensi. Sentensi yenyewe yaendelea mbele bila nukta, ikiwataka watu wetu wote wawahudumie wanadamu wote kwa uchungaji na kwa upole, bila kutazama maelekeo yao ya mapenzi, na waishutumu hofu isiyo na akili juu ya watu hawa. Na katika sentensi iyo hiyo yashutumiwa mapigo ndani ya ndoa! Tena kabla ya hapo maaskofu walikuwa wamekiri kwamba watu hawa wamo miongoni mwetu, na kwamba wengi wao ni washiriki wa Kanisa. Wakaahidi kuwasikiliza. Wakawahakikishia kwamba Mungu awapenda, na kwamba kila aliyebatizwa, aaminiye na kudumu katika imani, ni kiungo kamili cha Mwili wa Kristo, yawapo maelekeo yake vyovyote yalivyo.

Sasa nauliza: Ni mahubiri mangapi umepata kusikia juu ya kipande cha kwanza? Na juu ya kipande cha pili umesikia mangapi? Watu wamelitendea azimio hili kama mtu akataye hati ya shamba kwa mkasi, akabakiza upande wenye jina lake na kuutupa upande wenye mipaka. Kisha husimama na kile kipande mkononi, akidai bonde zima.

Wala si mara moja tu kwamba Kanisa limenena hivyo. Mwaka 2005 maaskofu wakuu wa Kianglikana, wa Afrika wakiwamo, walikutana Dromantine, katika Ireland ya Kaskazini. Walikuwa na ugomvi mkubwa juu ya jambo hili hili, na wengi walikuwa na hasira. Hata hivyo waliandika kwamba kuwaonea au kuwadunisha watu ambao mapenzi yao yameelekea jinsia yao ni chukizo kwao. Ndugu zetu Wakatoliki nao wana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992. Yafundisha kwamba matendo hayo si halali. Lakini fungu la 2358 laamuru watu hao wapokewe kwa heshima na huruma, na kila ubaguzi usio wa haki uepukwe. Januari 2023 marehemu Papa Fransisko alinena wazi kwamba kuwa mtu wa namna hii si jinai. Na Januari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika, kwa barua iliyotiwa sahihi na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walikataa kuibariki miungano ya watu wa jinsia moja. Lakini barua iyo hiyo ilisema kwamba watu hao yapasa watendewe kwa heshima na utu. Kila mahali twaona pande mbili za neno moja. Kila mahali twaona pia watu walikatao nusu.

Tazama sasa matunda ya kukata huko katika nchi jirani ya Uganda. Mwezi wa Mei 2023 Rais wa nchi hiyo alitia sahihi sheria iliyoweka kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, na kifo kwa makosa yaliyoitwa mazito zaidi. Sheria hiyo ilimtaka pia kila mtu amtoe kwa polisi yeyote amdhaniaye kuwa ametenda. Viongozi wengi wa dini waliishangilia. Askofu Mkuu wa Kianglikana wa huko, Stephen Kaziimba, alisema kwamba Kanisa lake halipendi adhabu ya kifo. Hilo ni jema, na haki yampasa asifiwe kwalo. Lakini badala ya kifo alipendekeza kifungo cha maisha. Je, hiyo ndiyo huduma ya uchungaji na upole iliyoahidiwa mwaka 1998? Mchungaji humtafuta kondoo. Hampeleki machinjoni, wala hamfungii zizini mpaka afe.

Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ililifuta lile sharti la kuchongeana pamoja na mambo mengine machache. Ilisema yanapingana na haki ya afya, haki ya faragha na uhuru wa dini. Fikirini neno hilo la mwisho. Mahakimu waliona hatari ambayo Wakristo wengi hawakuiona: kwamba kasisi aliyeambiwa siri na mwenye kutubu, na mama aliyefunguliwa moyo na mwanawe, wangegeuzwa kuwa wapelelezi.

Nasi Watanzania tusijione safi. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa siku zile aliwaomba wananchi wampelekee majina ya watu wadhaniwao kuwa hivyo, naye akatangaza kamati ya kuwasaka. Baadaye Serikali ilieleza kwamba hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe. Lakini majina yalikwisha pelekwa. Ni nani awezaye kujua ni mangapi yaliandikwa kwa wivu wa biashara, kwa ugomvi wa kiwanja, kwa deni lisilolipwa? Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikufutwa na mtu yeyote.

Najua majibu ya wapinzani wangu, nayo ni manne.

La kwanza ni Sodoma. Wasema, "Mungu aliuchoma mji kwa dhambi hii." Basi na tufungue Mwanzo 19 na kusoma pole pole. Wageni wawili waingia mjini jioni. Lutu awapokea. Usiku kundi la watu wa mji laizunguka nyumba, lapiga kelele, lataka wageni watolewe nje ili watendewe jeuri, nalo laujia mlango kuuvunja. Hiyo ni habari ya jeuri ya wengi juu ya wachache wasio na kwao. Na nabii Ezekieli, katika sura ya 16, aitajapo dhambi ya Sodoma, ataja kiburi, shibe, na raha ya watu wasioushika mkono wa maskini na mhitaji. Ndipo asema pia kwamba walifanya machukizo. Bwana wetu mwenyewe aliitaja Sodoma alipowaonya watu wasiowapokea wageni, katika Mathayo 10. Sasa mnijibu: siku hizi, kundi la vijana lizungukapo chumba cha mtu usiku, likigonga na kutukana na kutaka atolewe nje, ni nani walio katika nafasi ya Lutu, na ni nani walio katika nafasi ya watu wa Sodoma?

La pili ni Mashahidi wa Uganda. Wasema, "Vijana wale walikufa kwa sababu walimkataa Kabaka Mwanga na tamaa zake." Ni kweli kwamba hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya ghadhabu ya Kabaka, pamoja na hofu yake juu ya wageni na juu ya dini iliyompunguzia utii. Wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kanisa Katoliki lawahesabu mashahidi 22, na Waanglikana 23. Lakini walikuwa nani katika habari hiyo? Walikuwa wachache, hawana nguvu, wamefungwa kamba kwa amri ya serikali. Mashahidi walichomwa, hawakuchoma mtu. Walikataa kulazimishwa miili yao, nao hawakutaka mwili wa mtu mwingine uadhibiwe. Anayetaka kufuata nyayo zao na asimame upande wa aliyefungwa kamba, si upande wa mwenye kuni. Na kumbukeni mwisho wa Mwanga mwenyewe. Alipinduliwa, akapelekwa uhamishoni Seychelles, na huko akabatizwa kwa jina la Danieli kabla ya kufa mwaka 1903. Kanisa lililozaliwa katika damu ya mashahidi lilimpa maji ya ubatizo mtu aliyeimwaga. Kama mlango ulifunguliwa kwa Mwanga, ni nani aliyetupa sisi ufunguo wa kuwafungia wengine?

La tatu ni hili: "Mambo haya ni ya Wazungu, nao watulazimisha kwa fedha zao." Nakubali kwamba kulazimishwa kwauma. Agosti 2023 Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa Uganda kwa sababu ya sheria ile, na maskini wengi wasiohusika wangeweza kuumia. Mwenye hasira juu ya hilo ana sababu. Lakini jirani yako si Benki ya Dunia. Tena, sheria zenyewe zatoka wapi? Waingereza waliandika kanuni ya adhabu kwa ajili ya India mwaka 1860, na kifungu chake cha 377 ndicho kilichozaa vifungu vya Kenya, Uganda na Tanganyika. Wenyewe waliliondoa kosa hilo kwa watu wazima faraghani, katika England na Wales, mwaka 1967. India nayo ilikitengua kifungu kwa watu wazima waliokubaliana mwaka 2018. Na kabla ya mswada wa kwanza wa Uganda wa mwaka 2009, wahubiri watatu wa Marekani walikwenda Kampala mwezi wa Machi mwaka ule ule kufundisha juu ya hatari ya watu hawa. Basi Mzungu yuko pande zote mbili za mto. Asiyetaka kuongozwa na Mzungu asichague Mzungu mkali na kumwita mila ya Kiafrika. Na watu wenyewe hawakuletwa na meli: waliokuwa katika jumba la Mwanga hawakuzaliwa London, na lugha ya pwani ilikuwa na majina yao tangu zamani.

La nne lahusu watoto. Wasema, "Watu hawa huwaharibu watoto wetu." Nami nasema kwa nguvu zote: amwaribuye mtoto, awe wa kiume au wa kike, na ashitakiwe na kufungwa, awe nani. Lakini sisi walimu twajua vema ni mabinti wangapi hukatizwa masomo kwa mimba za wanaume waheshimiwa, na jinsi mambo hayo humalizwa kimya kwa ng'ombe na kwa soda. Hakuna kamati inayotangazwa kuwasaka wanaume hao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Baada ya hayo na tujipime kwa kipimo chetu wenyewe. Mwaka 1888 maaskofu wa Lambeth walikataa kumbatiza mtu mwenye wake wengi. Miaka 100 ilipita. Mwaka 1988 maaskofu wa Lambeth waliruhusu mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake waaminio, ila asioe tena. Na wake wasifukuzwe, kwa sababu wangepata shida na aibu. Kanisa halikuibadili ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Lilitazama tu machozi ya mke wa pili na wa tatu, likayahesabu. Katika miaka yote hiyo hamkuwa na Mkristo aliyeiomba serikali imfunge jirani yake maisha kwa kuwa na wake watatu. Tulijua kulishika fundisho na kumshika mtu pia. Rwanda nayo yatuonyesha kwamba yawezekana: Kanisa la Kianglikana la huko ni kali sana katika mafundisho ya ndoa, nalo Aprili 2023 liliwapokea Kigali wakuu wa makanisa yenye msimamo huo kutoka pande zote za dunia, lakini sheria ya Rwanda haimfungi mtu kwa jambo hili. Kanisa halikubomoka kwa kukosa gereza la kulitegemeza.

Wengine watasema, "Hakuna atakaye damu, twataka sheria tu." Kumbukeni David Kato, mwalimu wa Uganda. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapa picha yake na za wengine, likataka wanyongwe. Aliishitaki gazeti hiyo pamoja na wenzake, wakashinda. Tarehe 26 Januari 2011 alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Sababu ya mauaji yabishaniwa, nami siiamui hapa. Nasema juu ya maziko tu. Mhubiri alisimama mbele ya jeneza akawahukumu waliokuja kulia, akiitaja Sodoma, mpaka wakamnyang'anya kipaza sauti. Watu wa kijiji wakakataa kumzika. Rafiki zake walilibeba jeneza wenyewe, na askofu mstaafu, Christopher Senyonjo, akazisoma sala. Sisi Waafrika twamzika hata mwizi. Twamzika hata adui. Neno lililokatwa nusu limetufikisha mahali ambapo watu waliobatizwa waliweka jembe chini mbele ya maiti.

Basi, ndugu zangu, tufanyeje katika vijiji vyetu? Baba asimfukuze mwanawe kwa uvumi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwana aliyefukuzwa hafiki kwa Mungu bali barabarani. Mzee wa kanisa asipokee mashitaka ya gizani. Mganga na muuguzi wasimwulize mgonjwa alilala na nani kwa ajili ya kumcheka. Mwalimu asiwaache wavulana wakimtupia mwenzao neno "shoga" kama jiwe. Neno ambalo mama zetu wa pwani waliitana kwalo kwa upendo, rafiki kwa rafiki. Na mhubiri akitaka kulisoma azimio la mwaka 1998, na alisome lote mpaka nukta.

Mtanikumbusha kwamba Bwana alimwambia yule mwanamke wa Yohana 8 asitende dhambi tena. Ni kweli alisema. Lakini tazameni ni lini. Kwanza aliinama akaandika katika nchi. Kisha akawatazama wenye mawe, akawataka asiye na dhambi aanze. Wakaondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia. Akamwambia kwamba yeye pia hamhukumu. Ndipo, uwanja ukiwa mtupu na mawe yakiwa chini, akaitamka ile amri. Hakuitamka mawe yangali mikononi mwa watu, wala hakuwaachia wenye mawe waitamke kwa niaba yake. Anayetaka kuitumia amri hiyo kwa jirani yake na aanze pale alipoanza Bwana: alitue jiwe lake kwanza, kisha aone kama bado ana neno la kusema.